Pimeni na Kazi ya Mashine



Huko Berkeley, California, kuna maabara ambamo roboti hupima poda za kemikali, huzichanganya na kuziingiza kwenye tanuri. Zikipoa zinasagwa, zinapigwa miale ya eksirei, kisha akili mnemba inasoma mchoro unaotoka: kilichopatikana ndicho kilichotakiwa? Kama sicho, inapanga namna nyingine, na kazi inaendelea usiku kucha. Novemba 2023 watafiti wake waliandika katika jarida la Nature kwamba kwa siku 17, kati ya kampaundi 58 zilizolengwa, walipata 41, wakaziita mpya.

Haukupita muda mrefu, wanakemia Robert Palgrave wa London na Leslie Schoop wa Princeton, pamoja na wenzao, wakaichukua michoro ile na kuikagua upya. Wakasema hawaoni hata kampaundi moja mpya. Kompyuta ilitarajia atomi zijipange kwa safu, kila moja na kiti chake. Kumbe nyingi, walisema, zilikaa kwa kuchanganyikana, na vitu vya namna hiyo vilikuwa vinajulikana tayari. Wenye maabara walitetea kazi yao, ila walikubali kwamba mtu mzoefu angeisoma michoro vizuri zaidi.

Siikebehi roboti. Haina njaa ya sifa wala haiogopi aibu, na haijadanganya, maana mwongo sharti kwanza aujue ukweli. Tena maabara ile inatafuta malighafi za betri bora, naiombea ifanikiwe. Wasiwasi wangu uko kwetu sisi, tunaosadiki jibu kwa kuwa limekuja mbio.

Paulo alipowaandikia Wathesalonike aliwakataza kudharau unabii, na hapo hapo akawaagiza wapime kila kitu. Sisi tunachagua nusu. Wapo wanaobeza kila kipya, wapo (nao ni wengi, hata humu kanisani) wanaomeza chochote kilichotumwa kwenye simu. Wale wanakemia waliiheshimu kazi ya wenzao kiasi cha kukaa nayo, mchoro baada ya mchoro. Inachosha, na makofi ni machache.

Wiki hii someni nyumbani 1 Wathesalonike 5:12–22. Katika sala za jioni tuwakumbuke wanaokagua kazi za wengine: wahariri, wakaguzi wa hesabu, na mtaalamu wa maabara katika zahanati anayerudia kipimo kwa sababu majibu ya kwanza hayakumridhisha, huku foleni ikimnung'unikia.