Maagizo Huazimwa, Dhima Haiazimwi

AGENTS.md ni faili la maandishi ya kawaida. Unaliweka ndani ya mradi wa programu, na wasaidizi wengi wa akili mnemba hulisoma kabla ya kazi: pima msimbo hivi, usiguse faili lile. Linahamishika, hivyo wengi tunanakili la mwenzetu.

Je, msaidizi akitii mstari ambao hukuusoma, akafuta data za watu, dhima ni ya nani? Wapo wasemao ni ya aliyeandika. Mimi naona ni yako. Mwandishi hakujua umewekewa data za nani. Wewe ulijua, nawe ndiye uliyeaminiwa. Kunakili si kosa, lakini kusoma kwanza ni sehemu ya amana.