Dhambi ya Asili Siyo Asili Yako



Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Mlowo, nilikutana stendi na jamaa niliyekua naye. Zamani tulitumikia pamoja altareni, sasa ana miaka hajakanyaga kanisani. Nilipomuuliza vipi, akacheka: "Frateri, usihangaike na mimi. Kwetu pombe ni asili. Babu alikunywa, mzee alikunywa. Na nyie si mnafundisha kuna dhambi ya asili? Sasa mimi nitafanyaje?" Gari la Tunduma likaita abiria, akapanda. Mimi nikabaki sina jibu.

Jibu nimelipata baadaye, na linaanzia kwenye neno lenyewe. Mwanzo unatuambia jambo lilianza lini. Chanzo kinatuambia kilicholisababisha. Chimbuko, lilikotokea. Lakini asili, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, linabeba mawili kwa pamoja: ulikotoka, na jinsi ulivyo. Hapo ndipo rafiki yangu alipojikwaa. Kilatini cha Mtakatifu Augustino kinatenganisha: dhambi hiyo inaitwa kwa neno la chimbuko, origo. Jinsi ulivyo kuna neno lingine, natura. Kwa hiyo dhambi ya asili ni jeraha tulilorithi kutoka kwa wazazi wetu wa kwanza. Siyo jinsi Mungu alivyokuumba.

Fungua kitabu cha Mwanzo. Anguko liko sura ya 3. Kabla yake, sura ya 1, Mungu ametazama kila alichoumba, mtu akiwemo, akaona ni chema sana. Wewe umeanzia sura ya 1, siyo ya 3.

Sisi wa Mbozi tuna kimondo pale Ndolezi. Kimelala kwenye udongo wetu miaka na miaka, kimeshika kutu, lakini hakijageuka udongo. Bado ni chuma, na kilitoka juu.

Usinielewe vibaya, sisemi kwamba vita ni rahisi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulifundisha kwamba Ubatizo unaondoa dhambi ya asili, ila mwelekeo wa kutenda mabaya unabaki ili tupambane nao. Kuvutwa siyo dhambi. Dhambi ni kukubali. Kwa hiyo ukivutwa leo usiseme "ndivyo nilivyo." Sema "ndicho ninachopambana nacho." Halafu nenda kitubioni, na kama ni pombe, tafuta pia mtu wa kukushika mkono. Neema haikatazi msaada.

Rafiki yangu nimeshampigia simu. Hajaniahidi kitu, lakini tumeongea muda mrefu. Na wewe, nani wa kwako amekata tamaa kwa sababu ya neno "asili"? Mtafute wiki hii.

Tusali: Ee Baba, uliyetuumba wema, utukumbushe tulikotoka tunapoanguka, utuinue kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.