Mwendo wa Aliye Nyuma

Yako maswali ya maadili ambayo hayazaliwi darasani wala barazani, bali huzaliwa njiani, jasho likimtoka mtu na safari ikiwa bado ndefu. Moja katika hayo ni hili: Marafiki walioahidiana kusafiri pamoja wafuate mwendo wa nani? Mwenye nguvu hudai kuwa safari ni ya kufika, basi anayeweza kufika asizuiwe. Aliye dhaifu hudai kuwa safari ni ya kuwa pamoja, basi asiyeweza asiachwe. Madai yote mawili yana haki ndani yake, na kwa hiyo swali halikatwi kwa neno moja.

Pako mahali ambapo swali hili hupimwa kwa mizani isiyopendelea mtu. Ni katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako mto Colorado umeichimba nchi kame na kufanya korongo kubwa liitwalo Grand Canyon. Urefu wa korongo hilo kwa kufuata mto ni maili 277. Kina chake chapita maili moja. Na palipo papana zaidi upana wake ni maili 18. Mtu aliyesimama ukingo wa kaskazini huweza kuuona ukingo wa kusini kwa macho yake, lakini akitaka kwenda huko kwa gari hana budi kuzunguka zaidi ya maili 200. Katika miezi ambayo njia huwa wazi, wako marafiki wanaokusudia kuvuka kwa miguu kwa siku moja. Huondoka kaskazini kabla ya alfajiri, taa zikiwa katika vipaji vya nyuso, hushuka kutoka kimo cha futi 8,000 na zaidi hadi karibu futi 2,500 penye mto, huvuka daraja, kisha hupanda zaidi ya futi 4,000 hadi ukingo wa kusini. Mwendo wote ni kama maili 24. Mwisho wake hakuna mshahara wala taji.

Korongo ni mlima uliopinduliwa. Mpanda mlima hutoa kwanza na kupokea baadaye: akichoka katikati, njia ya nyumbani humteremkia. Mshuka korongo hukopeshwa asubuhi na kudaiwa alasiri. Asubuhi kuna baridi ya misonobari, miguu ni myepesi na mazungumzo ni matamu. Chini kuna mawe na mipungate, na wakati wa kiangazi joto la kivulini hupita nyuzi 100 za Fahrenheit. Askari wa hifadhi huwakumbusha wageni kuwa kushuka ni hiari na kupanda ni lazima. Hata hivyo watu zaidi ya 250 huokolewa humo kila mwaka. Basi ahadi itolewayo ukingoni alfajiri hutolewa na mtu ambaye bado hajajijua. Ahadi hiyo si uongo, lakini haina elimu.

Historia ya mahali hapo yatoa mifano miwili. Mwaka 1540 Wahispania walioongozwa na García López de Cárdenas walifikishwa ukingoni na viongozi wa kabila la Wahopi. Watu watatu wepesi walijaribu kushuka mtoni, wakarudi alasiri wakiwa wamefika theluthi moja tu ya njia. Walieleza kuwa majabali yaliyoonekana kutoka juu kama ya kimo cha mtu yalikuwa marefu kuliko mnara mkuu wa Sevilla. Watatu walikwenda, na watatu walirudi. Hawakuugusa mto, lakini walileta habari ya kweli juu ya ukubwa wa jambo, na hakuna aliyepotea.

Mfano wa pili ni mchungu. Mwaka 1869 John Wesley Powell, aliyekuwa na mkono mmoja, aliufuata mto huo kwa mashua pamoja na wenzake. Baada ya miezi mitatu chakula kilikuwa karibu kwisha, na mbele yao palikuwa na maporomoko ya kutisha. Tarehe 28 Agosti watu watatu, ndugu wawili wa jina la Howland na William Dunn, walichagua kupanda magenge ili watafute makazi ya watu. Sita waliendelea na mto. Walisihiana, machozi yakatoka, na kila upande uliamini kuwa mwingine unakwenda kufa. Siku mbili baadaye wa mtoni walitoka salama. Wale watatu hawakuonekana tena wakiwa hai.

Mwepesi wa hukumu atasema kuwa watatu hao waliwasaliti wenzao. Haki haikubali. Walisema nia yao waziwazi, wakasikilizwa, wakaagana mchana kweupe. Kuachana kwa namna hiyo ni msiba, wala si usaliti. Usaliti wa njiani aghalabu hauna maneno. Hakuna asemaye, "Nitamwacha mwenzangu." Mtu huongeza hatua kidogo, kona ya kwanza humficha, kona ya pili humsahaulisha, ikifika jioni amemwacha rafiki yake bila ya kukata shauri hata mara moja. Tena yuko mwenye nusu ya wema. Huketi kivulini kumngoja mwenzake, na mwenzake atokeapo akihema, yeye husimama na kusema, "Haya, twende." Aliyekuwa na nguvu amepumzika, na aliyehitaji pumziko hakulipata.

Lakini mwenye nguvu naye ana haki yake. Amejizoeza kwa miezi mingi, na pengine amengojea siku hiyo kwa miaka. Kwa nini juhudi yake itekwe na uzembe wa mwingine? Jibu ni kwamba aliye dhaifu ana deni pia, na deni lake ni ukweli. Mswahili mgonjwa akiulizwa hali hujibu "sijambo" kwanza, kisha ndipo aeleze homa yake. Hiyo ni adabu njema. Lakini korongoni, jibu likikoma hapo, adabu hugeuka hatari. Joto kali laweza kuivuruga akili ya mtu asitambue kuwa ameshikwa, na hata maji mengi yanywewayo bila ya chakula chenye chumvi huweza kumdhuru. Afichaye maumivu yake saa tatu asubuhi, wakati kurudi kungali rahisi, huwatwika wenzake mzigo wake saa tisa alasiri, wakati hapana njia nyepesi tena. Amewanyima nafasi ya kuchagua.

Kwa hiyo haraka ya mmoja na kimya cha mwingine ni kosa moja lenye pande mbili. Kila mmoja amekwenda kana kwamba yu peke yake. Dawa yake yapasa kutafutwa ukingoni, kabla ya hatua ya kwanza: wenzi wapatane nani atakwenda nyuma, wapi watangojana na kuulizana hali, na kwamba neno la mmoja latosha kuwarudisha wote bila ya dhihaka. Asiyeweza kukubali masharti hayo na aseme mapema, aende na watu wa mwendo wake. Hakuna lawama katika hilo.

Mwendo wa aliye nyuma, basi, hauna maana ya polepole daima. Mmoja akianguka na mwingine akaachwa kumtunza, wa tatu anayekimbia kutafuta msaada amekwenda mbio, lakini kila hatua yake ni ya yule aliyeanguka. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Waliovuka korongo wote pamoja usiku wamefika; na waliorudi wote pamoja asubuhi, bila ya kuuona mto, hawakupungukiwa na kitu ambacho rafiki mwema angekililia.