Wajibu Usio na Mdai: Kujitolea kwa Ajili ya Miombo ya Sakania

Katika eneo la Sakania, lililoko kusini-mashariki mwa Lubumbashi kwenye mpaka wa Zambia, utunzaji wa msitu unazua swali la maadili: je, kazi ya kundi inaweza kuitwa ya hiari ikiwa wanaoifanya wanaamini kuwa ni wajibu wao? Nchini Kongo swali hili ni zito, kwa kuwa utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha wanavijiji kulima mazao ambayo utawala huo uliyataka, na katika miaka ya 1970 serikali ya Rais Mobutu ikaagiza salongo, yaani kazi ya umma ambayo raia alipaswa kuifanya bila malipo. Ndiyo maana mwito wa kufanya kazi bila ujira hupokelewa kwa shaka, na shaka hiyo ina haki yake.

Hata hivyo, miombo, yaani misitu ya wazi inayotawaliwa na miti ya jamii za Brachystegia na Julbernardia, ina tabia inayolifafanua swali hilo. Miti yake, hata ikikatwa kwa ajili ya makala, kama mkaa unavyoitwa katika eneo la Katanga, iliko Sakania, huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi, ilmradi machipukizi yasiunguzwe. Majaribio yaliyoanzishwa karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, mwaka 1933, yalionyesha kuwa moto wa kila mwaka wa mwishoni mwa kiangazi huyaangamiza machipukizi, ilhali moto hafifu wa mwanzoni mwa kiangazi huyaachia nafasi ya kukua. Basi kazi kuu ya wanaojitolea ni kuchoma nyasi mapema, kusafisha vizuizi vya moto na kuviacha visiki vipumzike, na yote hayo yanadai mapatano ya watu wengi, kwa sababu uzembe wa mmoja huteketeza subira ya wote.

Wanaofaidika zaidi na subira hiyo hawajazaliwa, kwa hiyo hawawezi kudai wala kushukuru. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kuwa dunia ni mali ya vizazi vijavyo pia, na Waislamu nao huihesabu kuwa amana, yaani kitu alichokabidhiwa mtu ambacho ataulizwa habari zake. Mafundisho yote mawili yanaonyesha kuwa uhuru hauvunjwi na wajibu bali na shuruti, kwa maana anayelipa deni lisilo na mdai hutenda kwa hiari iliyo kamili zaidi.

Lakini hiari hiyo haisimami bila haki. Mwanakijiji akilinda msitu bure huku faida ya mukula, mti wa mbao nyekundu uliosafirishwa kwa wingi hadi China katika miaka ya 2010, ikimwendea mfanyabiashara wa mbali, kujitolea kwake kunakuwa salongo kwa jina jingine. Amri ya serikali ya Kongo ya mwaka 2014, inayoiruhusu jamii ya mahali kupewa haki ya kudumu ya kuutumia na kuusimamia msitu wa hadi hekta 50,000, ina uzito wa kimaadili kwa sababu hiyo: inampa anayetoa jasho lake sauti juu ya kile anachokilinda. Anayeiomba jamii ya Sakania ijitolee kwa ajili ya miombo anapaswa kwanza kuitambua kuwa mwenye msitu, kwa kuwa hakuna awezaye kutoa kwa hiari kile alichokwisha kunyang'anywa.