Ukuta wa Paa na Kichaka cha Uani

Soma kwa ajili ya somo hili: Kut. 21:33, 34; Kut. 22:6, Kumb. 22:8, Mt. 4:5–7, Lk. 10:25–37, Lk. 13:1–5.

Alhamisi ya tarehe 8 Novemba 2018, kulipokuwa kunapambazuka, moto ulizuka chini ya nyaya za umeme katika milima ya kaskazini mwa jimbo la California, Marekani. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, majani yamekauka, na upepo mkali ulikuwa ukivuma kutoka milimani. Saa chache baadaye mji wa Paradise ulikuwa unateketea. Watu 85 walikufa, na majengo zaidi ya 18,000 yaliangamia. Jina la mji huo maana yake ni Paradiso, na Waadventista walikuwa wengi huko: tulikuwa na hospitali, shule, na kanisa lenye washiriki wengi. Wagonjwa wa hospitali waliondolewa kwa haraka asubuhi ileile, wengine ndani ya magari ya wafanyakazi. Jengo la kanisa liliungua.

Kabla hatujaendelea, soma Lk. 13:1–5. Waliokufa Paradise hawakuwa wakosaji kuliko sisi tunaosoma habari zao, na mtu yeyote darasani anayetaka kulitumia somo hili kuwahukumu amelikosa. Swali letu ni la walio hai: je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa moto ambao hakuuwasha?

Soma Kut. 22:6. Nani anatakiwa kulipa?

Sheria ni wazi: aliyeuwasha moto ndiye atakayelipa. Mahakama za California zilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2020 kampuni ya umeme yenye nyaya hizo ilikiri makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Lakini angalia mwendo wa moto katika fungu hilo. Haurukii nafaka moja kwa moja. Unashika kwanza miiba, kisha kutoka kwenye miiba unaingia katika shamba la mtu. Miiba ile ilikuwa ya nani? Fungu halisemi. Tunajua tu kwamba ilikuwepo, imekauka, nayo ndiyo iliyokuwa daraja la moto.

Watu wengi hudhani kwamba nyumba za mashambani huungua kwa sababu ukuta wa miali huja kutoka msituni na kuzimeza. Mara nyingi sivyo. Upepo hubeba cheche na vipande vya makaa mbele ya moto, pengine zaidi ya kilomita moja. Cheche huanguka kwenye majani makavu ya misonobari yaliyojaa katika mifereji ya paa, kwenye rundo la kuni lililoegemezwa ukutani, kwenye kichaka kilichokauka chini ya dirisha, au hupenya kwenye matundu ya hewa mpaka darini. Nyumba huwaka kutoka jambo dogo hivyo. Ndiyo maana baada ya moto wa Paradise ilionekana misonobari mingi ikiwa bado na majani ya kijani, imesimama katikati ya majivu ya nyumba. Kisha nyumba inayowaka huwa yenyewe moto mkubwa unaoichoma nyumba ya pili. Waliochunguza mabaki ya mji ule waliona kwamba nyumba iliyokuwa karibu na nyingine iliyoungua ilikuwa na nafasi ndogo ya kupona.

Sheria ya California inamtaka mwenye nyumba katika maeneo ya hatari kusafisha eneo la mita 30 kuizunguka nyumba, au mpaka kwenye mpaka wa kiwanja chake kama uko karibu zaidi. Miti mikavu iliyo karibu na nyumba iondolewe, matawi ya chini yakatwe ili moto wa nyasi usipande juu, kuni ziwekwe mbali, na paa lifagiliwe. Ni kazi ya fyekeo, reki na chenso, isiyo na utukufu wowote, na hurudi kila mwaka.

Basi kuna ndugu atakayeuliza: je, huko si kukosa imani? Bwana akipenda kuilinda nyumba yangu, atashindwa na majani makavu?

Soma Kumb. 22:8, kisha Mt. 4:5–7. Mafungu haya mawili yanakutania wapi?

Yanakutania ukingoni mwa paa. Katika fungu la kwanza Mungu anamwagiza mwenye nyumba kujenga ukuta mdogo kuzunguka paa lake, ili mtu asianguke na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba hiyo. Katika fungu la pili mjaribu anamsimamisha Yesu juu ya hekalu na kumnukulia ahadi ya malaika. Mungu yuleyule anayetuma malaika ndiye aliyeagiza ukuta. Hakuna Mwisraeli aliyeambiwa kwamba kujenga ukuta ni kuwatilia shaka malaika. Anayeacha vichaka vikavu vizunguke nyumba yake na kusema anamngojea Bwana yuko karibu zaidi na hoja ya mjaribu kuliko na imani ya Ayubu.

Tena, ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya nani? Mwenye nyumba analijua paa lake hata gizani. Anayeanguka ni mgeni. Linganisha na shimo lililoachwa wazi katika Kut. 21:33, 34: aliyelichimba hakumsukuma ng'ombe wa jirani, lakini analipa. Torati haikuishia kwenye kosa la mkono uliotenda. Ilikwenda mpaka kwenye kile ulichokiacha kikisubiri kumdhuru mwingine, nawe unajua kipo. Kwa kipimo hicho, kichaka kikavu cha uani si mali yangu binafsi tu. Siku ya upepo ni njia ya kuendea kwa jirani.

Wapo wanaoumia kukata, nao wana haki ya kusikilizwa. Tumepewa bustani tuitunze (Mwa. 2:15). Mti uliokufa ni nyumba ya ndege, na mizizi huushika udongo wa mteremko. Lakini hakuna anayetaka msitu wote ufyekwe. Mti mkavu ulio mbali na nyumba unaweza kuachiwa kigong'ota. Ulio juu ya paa la mjane ni habari nyingine.

Na hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Wengi wa waliokufa katika moto ule walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 65. Mzee wa miaka 80 hapandi ngazi kufagia paa. Kuangusha mti mkubwa uliokufa kando ya nyumba kunahitaji fundi, na fundi anataka fedha. Tukisema tu kwamba kila mtu asafishe kiwanja chake, tumewapa wenye nguvu na fedha amri rahisi, na wengine tumewapa hatia. Asiyeweza kujenga ukuta wake, wajibu huo haufi. Unahamia kwa walio karibu naye. Msamaria alimkuta mtu akiwa tayari amejeruhiwa. Sisi tunaweza kumjua jirani yetu miezi kadhaa kabla ya hatari, kwa jina, pamoja na hali ya paa lake. Inashangaza kwamba baraza la kanisa halikosi kuchanga mablanketi baada ya maafa, lakini ni mara chache linapanga Jumapili moja ya mashemasi na vijana wenye mafyekeo kabla ya kiangazi. Blanketi lina shukrani na picha. Kufyeka hakuna, kwa sababu likifanikiwa, hakuna kinachotokea.

Kwetu, ambako wengi husafisha mashamba kwa kuchoma, Kut. 22:6 inatugusa moja kwa moja zaidi. Anayewasha moto wa shamba mchana wa upepo, bila kufyeka mpaka, bila kumwarifu jirani, hana haja ya kutafuta tafsiri ya fungu hilo.

Maswali ya kujadili:

Je, mtu aliyeacha miiba mikavu mpakani anapaswa kulipa sehemu ya hasara, hata kama sheria ya nchi haimdai? Wale wasiokubaliana darasani watoe sababu zao kutoka katika mafungu ya juma hili.

Katika kanisa lenu, ni nani anayeishi peke yake pembezoni mwa pori au msitu? Mara ya mwisho mtu wa darasa lenu kufika nyumbani kwake ilikuwa lini, na aliona nini karibu na ukuta?