Mtoto na Mchezo wa Viungo

Mzazi aulizapo, "Mtoto wangu aanze mchezo wa viungo akiwa na umri gani?" hutazamia kujibiwa kwa tarakimu. Ataka kuambiwa mitatu, au sita, au tisa, kama aulizaye saa ya kuondoka kwa meli. Swali lenyewe laonekana dogo, na huenda msomaji akastaajabu kulikuta katika kurasa hizi, ambamo tumezoea kujadili lugha na mashairi. Lakini ndani yake mna swali jingine ambalo halijibiwi kwa tarakimu: mtu mzima ana haki kiasi gani ya kuutumia utoto wa mwingine kwa ajili ya maisha ambayo mwenye utoto huo hajayachagua? Hilo ndilo nitakalo kulipima hapa.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Huitwa pia jimnastiki, na jina hilo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya uchi, kwa kuwa Wayunani wa kale walifanya mazoezi bila nguo. Umbo lake la sasa lina deni kubwa kwa Mjerumani Friedrich Ludwig Jahn, aliyefungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, Berlin, mwaka 1811. Wanawake hushindana katika mambo manne: kuruka juu ya meza, kuning'inia katika fito mbili zisizolingana kimo, kutembea na kujipindua juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10 tu, na kucheza sakafuni. Ni sanaa ya mizani, nguvu na ujasiri, na atakayeidharau hajaitazama.

Wala asili yake si ngeni kwetu. Mtoto wa pwani hangoji mwalimu amfundishe kupiga kichwangomba mchangani. Apitaye Forodhani, Unguja, wakati wa jioni, huwaona vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani, wakijipindua hewani kabla ya kuyafikia maji. Vijana hao hawakupangiwa umri wa kuanza. Walianza siku miili yao ilipotaka, na huacha jua linapokuchwa au njaa inapowashika. Basi tuweke tofauti moja tangu mwanzo: kuna mchezo ambao mtoto huumiliki, na kuna mchezo unaommiliki mtoto. Viungo vyaweza kwenda mwendo ule ule katika hali zote mbili, lakini hali zenyewe hazifanani hata kidogo.

Aristotle aliliwaza jambo hili zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Katika kitabu chake juu ya siasa alishauri kwamba mpaka kubaleghe mtoto apewe mazoezi mepesi, asibanwe kwa chakula cha masharti wala kazi za nguvu, ili kukua kwake kusizuiwe. Ushahidi wake ulikuwa wa hesabu. Katika orodha ya washindi wa Olimpia, alisema, hupatikana wawili au watatu tu ambao walishinda wakiwa wavulana, kisha wakashinda tena wakiwa wanaume. Wengine nguvu zao zilikwisha mapema kwa ukali wa mazoezi. Alikuwa akiuliza swali letu, na hakuangalia siku ya ushindi peke yake. Aliangalia na miaka iliyofuata.

Zama zetu zilijibu kwa namna nyingine. Tarehe 18 Julai 1976, katika mji wa Montreal, Nadia Comăneci wa Rumania, aliyekuwa na miaka 14, alipewa alama 10 kamili katika fito. Ubao wa alama haukutengenezwa kwa kuonyesha ukamilifu huo, ukaonyesha 1.00. Dunia iliona uzuri, nayo haikukosea. Lakini kutokana na uzuri ule wengi walitoa hukumu isiyotokana nao: kwamba ukamilifu ni mali ya utoto, na kwa hiyo lazima utafutwe utotoni. Hukumu hiyo ilikuwa na sababu yake. Mwili mdogo hujizungusha hewani upesi kuliko mwili mrefu, na nguvu zake huwa nyingi zikilinganishwa na uzito wake. Basi anayetaka ushindi wa miaka 14 hana budi kuanza kazi mapema sana, na mtoto wa miaka minne au mitano huanza kutazamwa kama shamba lililochelewa kulimwa.

Waliouongoza mchezo waliiona hatari, wakajenga ukuta. Mwaka 1981 umri wa chini wa wanawake katika mashindano makuu ya dunia uliinuliwa kutoka 14 hadi 15, na mwaka 1997 hadi 16. Ukuta ulisaidia, lakini kila ukuta una wanaoupanda. Medali ya shaba waliyoipata wanawake wa China huko Sydney mwaka 2000 ilinyang'anywa mwaka 2010, baada ya kuonekana kwamba mmoja wao, Dong Fangxiao, alikuwa na miaka 14 tu siku ile. Hapa yafaa tusimame kidogo. Tarakimu ya umri, ambayo mzazi huitafuta iwe ngao ya mtoto, yaweza kubadilishwa. Na hati za umri hazitolewi na watoto. Kama walinzi wenyewe hawana nia ya kulinda, tarakimu haitalinda.

Najua nitajibiwa kwa methali. Nitaambiwa: samaki mkunje angali mbichi. Nitaambiwa pia: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali zote mbili ni za kweli, nami sitaki kuzikana. Nataka kuzisoma sawasawa. Methali ya samaki yasema juu ya wakati wa kukunja, haisemi juu ya kadiri. Samaki mbichi akikunjwa kupita kiasi hupasuka vile vile. Tena samaki hukunjwa ili aenee chunguni, kwa faida ya mpishi, lakini mtoto halelewi kwa faida ya mlezi. Ama methali ya kilio, yatuonya tusiogope kilio. Haituruhusu kuacha kukisikiliza. Kuna kilio cha mtoto asiyetaka kunywa dawa, na kuna kilio cha mtoto ambaye mfupa wake wauma. Mzazi asiyeweza kuvitofautisha hawezi kujificha nyuma ya methali.

Kwa maoni yangu, mtoto huwa tayari kwa mambo matatu ambayo hayafiki siku moja: mwili, akili na hiari. Mwili wake hukua kwa sehemu laini za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa, ambazo hukaza baada ya kubaleghe. Katika mchezo huu mikono hufanywa miguu, na kifundo cha mkono hubeba uzito ambao hakikuumbiwa kuubeba kila siku. Mazoezi ya kiasi huujenga mwili huo. Mazoezi ya saa nyingi yaweza kuziumiza sehemu hizo kabla hazijamaliza kazi yake. Akili nayo hufunguka kwa hatua. Mtoto wa miaka mitatu huiga. Wa sita au saba huanza kufuata amri kwa mpango na kungoja zamu yake. Lakini hiari huja nyuma kabisa. Hiari si kusema "nataka", maana hata mtoto mchanga hutaka. Hiari ni kujua kile unachokiacha unaposema "nataka".

Hapa ndipo penye fundo. Mchezo wa mashindano huidai hiari kabla haijazaliwa. Bei hukatwa kabla mlipaji hajafika sokoni, na akifika huambiwa kwamba bidhaa ni yake na deni pia ni lake.

Mtu aweza kunipinga akisema: je, mzazi hamchagulii mtoto kila kitu? Humchagulia jina, lugha, chuo na shule, wala hamwulizi. Kwa nini asimchagulie boriti? Pingamizi hili lina nguvu, na sharti lijibiwe kwa uangalifu. Lugha ni mlango; aliyepewa moja aweza kuongeza nyingine. Kusoma humfaa kila asomaye, hata asipokuwa mwanachuoni. Mafunzo mazito ya mashindano hayako hivyo. Sikatai kwamba hata ashindwaye hupata adabu, ustahimilivu na mwili imara. Lakini mambo hayo hupatikana kwa mazoezi ya kiasi. Hayadai utoto mzima. Kinachodai utoto mzima ni medali, na medali katika kila shindano ni tatu. Mzazi amchaguliaye mtoto kusoma humpa kitu ambacho wote waweza kukipata. Amchaguliaye medali humtia katika bahati nasibu na kuweka rehani mwili usio wake.

Wengine watasema kwamba bila kuanza mapema hakuna bingwa. Nawakubalia nusu. Mabingwa wengi walianza wadogo. Simone Biles wa Marekani aliujaribu mchezo huu mara ya kwanza akiwa na miaka 6. Lakini kuanza mapema si sawa na kuvunwa mapema. Ágnes Keleti wa Hungaria alipata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki huko Helsinki mwaka 1952 akiwa na miaka 31, akapata nyingine Melbourne mwaka 1956 akiwa na 35. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 103. Oksana Chusovitina wa Uzbekistani alishiriki Olimpiki ya nane mwaka 2021, akiwa na miaka 46. Biles mwenyewe alishinda dhahabu Paris mwaka 2024 akiwa na 27. Watu hawa hawathibitishi kwamba kila mwili waweza kufanya hivyo. Wanathibitisha kwamba haraka ile haikuamriwa na maumbile peke yake. Iliamriwa pia na kanuni, na kwa macho ya watazamaji waliozoea kupenda udogo. Jambo lililoamriwa na watu, watu waweza kulitangua.

Tena Biles ana funzo jingine. Huko Tokyo, mwaka 2021, aliacha katikati ya shindano la timu kwa sababu akili na mwili wake havikupatana tena hewani, na kuendelea kungemletea hatari. Alikuwa na miaka 24, bingwa wa dunia mara nyingi, na bado walikuwapo waliomlaumu. Basi tujiulize: mtoto wa miaka tisa, asiye na jina wala medali, ambaye nauli yake imelipwa na wazazi na mwalimu wake ni mkali, atasemaje "siwezi"?

Swali hilo si la kubuni. Mwaka 2018, katika jimbo la Michigan, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya Marekani alihukumiwa kifungo kirefu kwa kuwanajisi wachezaji, wengi wao wakiwa watoto wakati ule. Zaidi ya wanawake 150 walitoa maelezo yao mahakamani. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa Uingereza mwaka 2022 ilieleza nayo jinsi watoto walivyoteswa kwa maneno na kwa mwili katika mchezo huu. Sisemi kwamba mchezo ndio uliozaa uovu. Waovu wako kila mahali. Nasema kwamba mtoto aliyefundishwa kuwa maumivu ni sehemu ya kazi, na kunyamaza ni ushujaa, amenyang'anywa ulimi ambao angeutumia siku ya kudhulumiwa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko mfupa uliovunjika, kwa kuwa mfupa huunga.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, humpa mtoto haki ya kucheza na haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Naona haki hizo mbili ni moja katika jambo letu. Mchezo ambao mchezaji hasikilizwi umekwisha kuwa kazi, na mtoto afanyaye kazi hiyo hana hata ujira.

Sasa nimjibu mzazi, kwa kuwa si vema kumtoa mtu mbali kisha kumrudisha mikono mitupu. Umri wa kucheza huanza pale mtoto awezapo kukimbia: ajiviringishe, arukeruke, apande, mahali palipo laini na mbele ya macho ya mtu mzima. Umri wa kujifunza huja karibu na miaka sita au saba, afuatapo maelezo kwa furaha. Hapo mwalimu mwema amfundishe kuanguka kabla ya kumfundisha kuruka, na saa ziwe chache. Umri wa ahadi, yaani mazoezi mazito kwa ajili ya ushindi, hauna tarakimu. Hufika pale mtoto awezapo kusema "sitaki", na neno lake likatiiwa.

Kwa umri huo wa tatu mzazi ana kipimo kimoja, nacho kipo nyumbani kwake. Ajiulize: mwanangu akiniambia kesho kwamba ameacha, ni kitu gani kitabadilika hapa? Kama kitakachobadilika ni ratiba ya jioni tu, mtoto yuko salama, awe na miaka saba au kumi na saba. Lakini kama uso wa mama utafumba, au baba atahesabu gharama kwa sauti, au mapenzi yatapungua hata kwa siku moja, basi mtoto huyo hajafikia umri wa kuanza. Wala si mtoto anayepaswa kungojewa akue. Ni mzazi.