Wakili wa Nani?

Silvano Melea Otieno alikuwa wakili mwenye jina kubwa Nairobi. Alipofariki Desemba 1986, hakuacha wosia wa kuandikwa. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong, akasema ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukasema mwana wao sharti alale Nyalgunga, Siaya. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Rufaa, maiti ikingoja mochari karibu miezi mitano, na Mei 1987 ukoo ukashinda. Wengi wakiisimulia kesi ile huzungumzia mila na kabila. Kama karatasi ingeishinda mila au la, hilo ni suala jingine. Kinachonishika mimi ni kwamba mtu aliyeishi kwa kuwasemea wengine, siku yake ilipofika, hakuwa na maandishi ya kumsemea.

Sisi wengine tunajifariji kwamba hatuna mali ya maana. Ploti moja, hisa za sacco, na shamba ambalo bado liko kwa jina la babu. Isitoshe, kuandika wosia tunaona ni kujiitia kifo. Lakini hata tukishinda woga huo, kuna swali tunaloliruka: nani atuandikie? Tunauliza bei, basi. Ama kifungua mimba anasema, "Mzee, usijali, niko na wakili wangu, nitakupeleka." Na mzee anashukuru, kwa sababu mtoto amemjali.

Sasa tuulize: wakili aliyeletwa na mrithi, akalipwa na mrithi, ni wakili wa nani?

Jibu la sheria ni jepesi. Ni wakili wa anayeandika wosia. Jibu la maisha si jepesi hivyo. Mteja wa kesi ya kawaida akiuzwa na wakili wake, atasikia hukumu, atalalamika, atatafuta wakili mwingine. Mteja wa wosia ni tofauti. Kazi aliyoilipia huanza siku ambayo yeye hayupo. Hawezi kusema, "Hapana, sikumaanisha hivyo." Kwa hiyo kumchagua wakili wa mirathi ni kumwamini mtu ambaye hutaweza kumkagua. Ndiyo maana Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inadai mashahidi wawili kwa wosia wa kuandikwa, na inabatilisha zawadi ambayo wosia unampa shahidi, isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Sheria yenyewe inajua kwamba mkono unaoshika kalamu karibu na mali una kishawishi.

Uaminifu wa wakili, basi, ni nini? Wengi watasema: kuandika alichoambiwa. Hapo ndipo mimi ninaposita.

Chukua mzee anayeingia ofisini na kusema, "Shamba nagawia wavulana. Wasichana wameolewa, wana kwao." Wakili wa kwanza anaandika, anapiga muhuri, anapokea pesa. Wa pili anakataa na kumhubiria kuhusu usawa wa Katiba ya 2010. Wa tatu anaweka kalamu chini na kuuliza: "Mzee, binti zako wanajua? Kuna aliyerudi nyumbani? Kuna uliyemsaidia zaidi ulipokuwa na nguvu?"

Mtu atanijibu kwamba mali ni jasho la mzee. Wakili ni fundi tu. Ukimwagiza fundi mlango, hakuulizi utamfungia nani nje. Hoja hii ina uzito. Sheria inampa mtu mzima mwenye akili timamu uhuru wa kuusia mali yake apendavyo, na ni dharau kumchukulia mzee kama mtoto eti kwa kuwa amezeeka. Lakini hata fundi mzuri akiona mlango wako utafungukia shimoni, atakwambia. Na aliyefungiwa nje ya mlango wa kawaida anaweza kubisha ukamsikia. Huu wa wosia, aliyeufunga amelala kaburini.

Tena shimo lipo kweli. Sheria hiyohiyo inamruhusu mke au mtoto aliyeachwa bila fungu la kutosha kwenda mahakamani kuomba apewe. Korti itaangalia, pamoja na mengine, kama marehemu alikuwa amempa kitu akiwa hai, na sababu zake za kumwacha nje, kama zinaweza kujulikana. Zinaweza kujulikana vipi kama hakuna aliyemuuliza? Pengine mzee ana sababu: mtoto mmoja alisomeshwa ng'ambo kwa kuuza ekari mbili, mwingine alimuuguza mama miaka sita. Wakili wa kwanza amezizika sababu hizo pamoja na mwenyewe. Wa pili hakukaa kuzisikia. Ni wa tatu pekee aliyempa mzee nafasi ya ama kubadili nia, ama kushikilia nia yake na kuieleza. Kuuliza si kuamua. Akishauliza na kujibiwa, aandike alichoambiwa.

Kwa hiyo kipimo changu hakianzi na ukubwa wa ofisi. Leseni ya mwaka ni lazima, na Chama cha Mawakili kinaweza kukuthibitishia kama anayo. Ada ajulishwe mtu mapema. Lakini zaidi ya hapo, je, alimwomba mwanao asubiri nje ili aongee nawe peke yako? Aliuliza dini yako? Kwa Mwislamu mambo ni mengine: wosia haupiti theluthi ya mali, na mirathi ina mafungu yake na kadhi wake. Aliuliza kuhusu ndoa zote, na watoto wote, hata yule ambaye jina lake halitajwi mezani?

Na akikushauri uweke mali katika amana ya familia, mpango ambao sheria yetu iliutambua wazi 2021, muulize wadhamini ni akina nani. Akijitaja mwenyewe, muulize atalipwaje na nani atamkagua. Neno lenyewe linatukumbusha: amana ni kitu cha mwenyewe kilichowekwa kwa mwingine, na siku moja kitadaiwa.

Kiswahili kimetupa pia neno wosia, na halikuanza na mashamba. Wosia ni maneno mazito ya mzazi kwa wanawe: pendaneni, msimtupe mama yenu, deni la fulani lilipeni. Ugawaji wa mali ni sehemu tu ya maneno hayo. Wakili anayeuliza "nani apate nini" na kukoma hapo amechukua sehemu na kuacha kiini. Ukitoka ofisini kwake bila kuulizwa hata swali moja lililokukosesha raha, jua umelipia karatasi na muhuri. Maneno yako bado unayo, na hujapata wa kumwachia.